Miaka ya dukani nayo ni kazi: Wasifu wa mfanyabiashara anayeomba ajira

Soko la ajira halitofautiani sana na soko la mahindi la Kibaigwa. Wauzaji ni wengi, mnunuzi ana haraka, na hakuna anayemwaga gunia zima chini ili alikague. Mnunuzi huchoma gunia kwa bambo, akatoa punje chache kiganjani, akazitazama, akazinusa, na kwa punje hizo huamua bei ya gunia lote au hulipita akaenda kwa jirani. Wasifu wa mwombaji wa kazi ndizo hizo punje za bambo. Mwajiri hamwoni mtu mzima, anaona karatasi mbili tu.

Somo la wiki hii linawahusu zaidi wale ambao kwa miaka mingi wamekuwa upande wa pili wa meza, yaani wafanyabiashara wadogo na wa kati ambao kwa sababu moja au nyingine wanalazimika kutafuta kazi ya kuajiriwa. Sababu ni nyingi. Wapo walioteketezewa bidhaa, kama ilivyotokea soko kuu la Kariakoo lilipoungua tarehe 10 Julai 2021. Wapo waliopandishiwa kodi ya pango hadi faida ikaisha, wapo waliokopesha wasiolipa, na wapo ambao mtaji uliliwa na ugonjwa wa mzazi. Mtu wa namna hii anapokaa kuandika wasifu hujikuta anaandika jina, shule ya msingi, kidato cha nne mwaka 2011, kisha basi. Miaka kumi aliyonunua, kuuza, kukopesha, kudai na kuandika hesabu haionekani popote. Mwajiri akisoma karatasi hiyo anamwona kijana aliyemaliza shule akakaa nyumbani.

Hilo ni kosa la gharama kubwa, na chanzo chake kinaeleweka. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ajira nchini Tanzania ilikuwa jambo la kupangiwa zaidi kuliko la kutafuta. Mhitimu wa chuo kikuu alisubiri barua ya kumpeleka wizarani au kwenye shirika la umma. Hakuwa na haja ya kujieleza kwa mtu. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1990, pale Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, iliyoanza kazi mwaka 1992, ilipobinafsisha au kufunga mashirika na maelfu ya wafanyakazi wakapunguzwa kazini. Wengi wao ndio waliofungua maduka, magenge na biashara za daladala. Biashara ikawa mahali pa kukimbilia baada ya kazi kuisha, na mpaka leo katika familia nyingi mtu mwenye duka husemwa kuwa "hana kazi, anajishikiza tu". Mwenye duka naye akiamini maneno hayo, hatayaandika aliyoyafanya.

ANACHOTAFUTA MNUNUZI

Kabla ya kuandika mstari wa kwanza, mwombaji anapaswa kujiuliza mwajiri anayemwandikia ana shida gani. Hapa pana mfano wa zamani ambao haujapoteza thamani. Karibu na mwaka 1482 Leonardo da Vinci alitunga barua ya kuomba kazi kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milan. Dunia inamjua mtu huyu kwa uchoraji. Lakini Sforza alikuwa mtu wa vita, kwa hiyo barua ilianza na madaraja mepesi ya kubebwa na askari, ikaendelea na namna ya kukausha mahandaki ya maji wakati wa kuzingira ngome, mizinga na magari yaliyofunikwa. Uchoraji aliutaja mwishoni kabisa, kama mtu anayeongeza chumvi.

Mfanyabiashara analijua jambo hili vizuri kuliko mtu yeyote, ila hulisahau anaposhika kalamu. Hakuna muuza vitenge anayemwonyesha mteja wa sare za harusi vitambaa vya mapazia kwanza. Basi mtu anayeomba kazi ya kusimamia mauzo kwa msambazaji wa sabuni hana sababu ya kuanza na shule ya msingi aliyosoma. Msambazaji anataka kujua kama mtu huyu anaweza kuzunguka na bidhaa, kukopesha kwa akili na kurudi na fedha. Elimu ina mahali pake, na mahali hapo ni baada ya kazi, isipokuwa kama mwombaji ametoka masomoni karibuni au kazi yenyewe inadai taaluma iliyosajiliwa, kwa mfano mhasibu anayetakiwa kuwa amesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu.

HESABU NDIYO LUGHA

Chukua mfano wa mtu aliyekuwa na duka la jumla la bidhaa ndogo ndogo Mwanza. Ni mfano wa kutungwa, lakini tarakimu zake zinafanana na za maduka mengi. Katika wasifu wake ameandika: "2015 hadi 2023, nilikuwa nafanya biashara binafsi." Mwajiri atakayesoma sentensi hiyo hajapata kitu. Biashara binafsi ni kuuza karanga, na biashara binafsi ni kuagiza makontena.

Sasa mtu huyo akae na madaftari yake. Katika mwaka wake mzuri wa mwisho aliuza wastani wa Sh 220,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni Sh 5,720,000. Bidhaa hizo zilimgharimu Sh 4,700,000, hivyo faida ghafi ilikuwa Sh 1,020,000. Akitoa pango Sh 300,000, mshahara wa msaidizi Sh 200,000 na umeme, ulinzi na ushuru Sh 120,000, alibaki na Sh 400,000. Mali iliyokuwa stoo kwa wastani ilikuwa na thamani ile ile ya Sh 4,700,000, maana yake mali yote iligeuka mara moja kila mwezi. Katika mwaka huo alitoa mali kauli ya Sh 9,600,000 kwa wauza rejareja 14, na deni ambalo halikulipwa kabisa lilikuwa Sh 310,000.

Tarakimu hiyo ya mwisho ni dhahabu. Shilingi 3 na senti 20 hivi kwa kila shilingi 100 alizokopesha ndizo zilizopotea. Msambazaji yeyote ambaye amewahi kumpa kijana gari la bidhaa akarudishiwa daftari la madeni anajua thamani ya mtu wa namna hiyo. Kwa hiyo mistari ya wasifu inakuwa hivi:

"Mmiliki na msimamizi, duka la jumla, Mwanza, 2015–2023. Alisimamia mauzo ya wastani wa Sh milioni 5.7 kwa mwezi na stoo ya Sh milioni 4.7 iliyogeuka mara 12 kwa mwaka. Alitoa mali kauli ya Sh milioni 9.6 kwa mwaka kwa wateja 14. Deni lililopotea halikuzidi Sh 310,000. Alimfundisha na kumsimamia msaidizi mmoja. Alihesabu mali kila mwisho wa mwezi."

Maneno hayo hayafiki sitini na hayana sifa hata moja. Hakuna "mchapakazi", hakuna "mwaminifu", hakuna "mwenye uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo". Uaminifu umejionyesha wenyewe katika kuhesabu mali kila mwezi. Na kila tarakimu ina daftari nyuma yake, kwa sababu siku ya usaili mwajiri anaweza kuuliza wateja hao 14 walipatikanaje na yule asiyelipa alifuatwa vipi. Mwenye tarakimu za kubuni hukwama hapo.

Biashara nyingine zina hesabu zake. Wakala wa fedha kwa simu anayeomba kazi ya karani wa fedha benki aandike alizungusha floti ya kiasi gani, miamala mingapi kwa siku, na kwamba fedha taslimu na floti zililingana kila jioni. Kama hazikulingana, upungufu ulikuwa kiasi gani. Mama lishe aliyepika sahani 60 kila mchana kwenye eneo la ujenzi ana habari za manunuzi, usafi, upotevu wa chakula na makusanyo ya malipo kila Jumamosi. Anayesimamia kantini ya kiwanda hufanya kazi hiyo hiyo, ila analipwa mshahara. Dereva wa bodaboda aliyemaliza mkataba wa pikipiki bila kuruka marejesho hata wiki moja amethibitisha nidhamu ambayo vyeti vingi haviwezi kuithibitisha.

Asiyekuwa na madaftari hana budi kukadiria, na neno "takriban" halina aibu. Aibu ni kuandika tarakimu kamili isiyo na asili. Risiti za mashine za kodi, taarifa za akaunti ya benki na kumbukumbu za malipo kwa simu husaidia kufufua hesabu ambazo daftari lake limeliwa na mchwa.

KUFUNGWA KWA DUKA

Hapa ndipo waombaji wengi huanza kuzungukazunguka. Duka lilifungwa. Je, liandikwe? Wengine hulificha kabisa, wakaweka kozi isiyokuwepo ili kuziba miaka. Wengine huandika kuwa biashara "inaendelea vizuri", na mwajiri hubaki akijiuliza kwa nini basi mtu anaomba mshahara wa Sh 450,000.

Jibu ni sentensi moja, isiyo na kilio wala lawama: "Duka lilifungwa Machi 2023 baada ya mkataba wa pango kuisha na pango jipya kuzidi faida, wadai wote walilipwa kufikia Agosti 2023." Nusu ya pili ya sentensi hiyo ina uzito kuliko ya kwanza. Kila mfanyabiashara anajua kwamba biashara hufa. Anachoogopa tajiri ni mtu anayekimbia madeni. Kama wadai hawajalipwa wote, isiandikwe kuwa wamelipwa. Iandikwe tarehe ya kufunga tu, na lililobaki lielezwe ana kwa ana likiulizwa. Katika mji wenye soko moja kubwa, habari za nani anamdai nani hufika haraka kuliko barua ya maombi.

Wawekezaji wadogo walio wasomaji wa ukurasa huu wanaifahamu kanuni hii kwa upande mwingine. Tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lianze kuuza hisa Aprili 1998, kampuni inayotaka fedha za umma hulazimika kuchapisha waraka wa matarajio unaoeleza faida na pia hatari zake. Mwekezaji makini huusoma ukurasa wa hatari kabla ya ukurasa wa faida, na kampuni inayodai haina hatari yoyote humtia shaka. Mwajiri naye huusoma wasifu kwa macho hayo hayo.

UPANDE WA ANAYESOMA

Msomaji ambaye biashara yake inakua, na sasa anataka mtunza stoo au karani wake wa kwanza, naye ana la kujifunza. Mara nyingi hana ofisi ya utumishi. Anabandika tangazo mlangoni au analituma kwenye makundi ya simu, na ndani ya siku tatu ana bahasha na ujumbe mia moja. Hapo hufanya moja kati ya mambo mawili: anamchukua mtoto wa binamu, au anamchukua mwenye karatasi nzuri zaidi. Yote mawili yamewatia watu hasara.

Njia nyepesi ni kutazama tarehe kwanza. Wasifu unaoanza na kazi ya karibuni na kurudi nyuma hurahisisha jambo hili, na ndiyo sababu mwombaji anashauriwa kuupanga hivyo. Miaka ikiruka, msomaji aweke alama ya kuuliza pembeni asiitupe karatasi, kwani pengo linaweza kuwa uzazi, uuguzi au kesi, na ni swali pekee linaloweza kuvitofautisha. Kisha atafute tarakimu. Kati ya aliyeandika "nilisimamia stoo kwa ufanisi mkubwa" na aliyeandika "nilisimamia stoo ya magunia 800, upungufu gunia 3 kwa mwaka", wa pili ana jambo la kuhojiwa.

Vyeti ni suala la peke yake. Mwezi Aprili 2017 Rais John Magufuli alipokea mjini Dodoma taarifa ya uhakiki iliyowataja watumishi wa umma 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi. Waliondolewa kazini, baadhi wakiwa wamebakiza miaka michache kustaafu. Kama Serikali yenye masjala na wakaguzi ilipenyewa kwa kiasi hicho, mwenye duka la vifaa vya ujenzi asijidanganye kwamba nakala ya kivuli yenye muhuri inatosha. Aombe cheti halisi akione kwa macho. Na mwombaji aliyepata daraja la nne aandike la nne. Kughushi cheti ni jinai, na hukumu yake haina muda wa kuisha kichwani mwa aliyeghushi.

Kwa aliyewahi kuajiriwa, ipo karatasi moja ambayo wengi huiacha bure. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi cheti cha utumishi kazi inapokoma. Watu huondoka wakidai nauli na likizo, wakasahau cheti hicho, na miaka mitano baadaye kampuni imehama au imefungwa.

STESHENARI NA KIOLEZO CHAKE

Ni lazima litajwe jambo la steshenari. Katika miji mingi mwombaji hupeleka karatasi ya mkono kwa mpiga chapa, na mpiga chapa hufungua wasifu wa mteja wa jana, akafuta jina na kuandika jipya. Ndiyo maana nusu ya waombaji wa mtaa mmoja wanapenda "kusoma vitabu, kusafiri na kutazama mpira", na wote wana lengo moja la maisha lililoandikwa kwa Kiingereza kizito ambacho hawawezi kukisoma kwa sauti. Wapo waliopeleka wasifu wenye namba ya simu ya mtu mwingine. Mwajiri alipiga, akapokea mgeni, kazi ikaenda.

Lugha ifuate tangazo. Tangazo la Kiswahili lijibiwe kwa Kiswahili, la Kiingereza kwa Kiingereza kinachoweza kuzungumzwa siku ya usaili. Kurasa mbili zinatosha kampuni binafsi. Vitu vinavyopenda kuongezwa bila sababu, kama dini, kabila, majina ya wazazi na idadi ya ndugu, havimsaidii mwajiri kupima kazi. Namba ya kitambulisho cha taifa na namba ya akaunti ya benki zisiwekwe kabisa katika karatasi inayozunguka mikononi mwa watu. Zitatolewa mkataba ukiwa mezani. Na anayeombwa "ada ya fomu" au "fedha ya vipimo" kabla ya usaili ajue ameshakutana na tapeli.

Maombi ya Serikali yana taratibu zake na hayasamehe. Hupitia mfumo wa kielektroniki wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na matangazo yake kwa kawaida hudai wadhamini watatu wenye anuani zinazopatikana, vyeti vilivyothibitishwa, na hukataa hati za matokeo ya muda. Hapo ufundi wa kuandika haumwokoi aliyekosa kiambatisho.

Kuhusu wadhamini, mfanyabiashara ana bahati asiyoijua. Mhitimu huandika jina la mhadhiri aliyefundisha wanafunzi 300 na asiyemkumbuka. Mfanyabiashara anaweza kumweka msambazaji aliyempa bidhaa kwa miaka sita, mwenyekiti wa soko, au katibu wa SACCOS alikomaliza mkopo. Barua ya kumaliza mkopo ikiambatishwa inazungumza yenyewe. Sharti ni kuwaomba ruhusa kwanza, kuwaambia kazi inayoombwa ni ipi, na kuhakikisha namba zao zinapatikana. Shemeji si mdhamini, hata kama ana cheo.

Wasifu ukishapelekwa, mwombaji abaki na nakala ile ile aliyoituma, siyo toleo jingine, na aiweke pamoja na tangazo. Simu ya mwajiri huja siku mtu yuko kwenye daladala, kelele zimejaa, na swali la kwanza linaweza kuwa: "Umeandika deni lililopotea ni laki tatu na kumi. Ilikuwaje?" Aombe dakika tano, ashuke, aifungue karatasi yake, kisha apige yeye.